Faiba Mahali pa Kaburi la Mama

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, nawaambia nashughulika na wingu, na wote hutazama juu. Hata wasomi. Hata mchungaji wa kanisa la mama alitazama juu, akasema Mungu ni mkubwa. Juu hakuna kitu. Picha zako, rekodi za hospitali, matokeo ya wanafunzi, hesabu za duka, vyote vimelala ndani ya kompyuta za watu wengine, kwenye jumba lenye baridi huko Nairobi, na ili vikufikie hapa ziwani lazima vipite ardhini, kwenye uzi wa kioo mwembamba kama unywele, ndio huo tunaouita faiba, ndani ya bomba la plastiki la rangi ya machungwa. Wingu ni mtaro. Basi. Siku hizi nikimsikia mtu akilitaja kwa sauti ile ya matangazo ya redio natamani kumzaba kofi.

Ofisi yetu iko mjini Kisumu. Kazi yangu ni kuangalia laini inayotoka hapa hadi mpakani Busia: nikiona imezimika, natuma watu, nikiona inazidiwa, nahamisha mzigo wa data. Na mzigo huhamishwa kwa sababu kazi yetu ina sheria moja ambayo hata mtoto wa shule angeielewa. Mteja mkubwa lazima awe na njia mbili. Njia moja ikikatwa na tingatinga, au na mwizi aliyedhani kuna shaba ndani, data inageukia njia ya pili na mteja hajui kitu, anaendelea kunywa chai yake. Njia yetu ya kwanza ilifuata barabara ya Busia, ikapita Otonglo, ikapanda hadi Maseno. Ya pili ilipitia Kiboswa, ikazunguka kule vilimani, ikaja kukutana na mwenzake Maseno. Hivyo ndivyo tulivyowaambia wateja, na mimi mwenyewe niliyasema hayo mbele yao kwa kinywa changu, nikiamini.

Nyumbani kwetu ni ukishapita Otonglo, upande wa juu wa barabara. Baba alikufa nikiwa shule ya upili, akazikwa pale anapozikwa mwenye boma: ukisimama mlangoni mwa nyumba ya mke wake ukitazama lango, upande wa kulia. Upande wa kushoto ni wa mke. Hilo halijadiliwi kwetu, ni kama kusema jua linatoka wapi. Mama alikuwa akienda kusimama mahali pake, hasa akiwa amechoka na wageni, anakanyaga udongo kwa kisigino. "Mimi hapa, baba yenu pale, nyumba katikati," anasema. "Mtakuwa mnatoka mlangoni mnatusalimia sote wawili." Nilikuwa nikimwambia, mama, wacha maneno hayo. Ananicheka. Hakuwa na huzuni hata kidogo. Alikuwa mtu anayejua atalala wapi, na ukifikiria vizuri, ni watu wangapi wanajua hivyo?

Kampuni ilipokuwa inachimba njia ya barabara ya Busia, kontrakta alifika karibu na kwetu akakutana na mwamba. Mwamba wa kule si mchezo, ni jiwe moja limelala chini ya kando ya barabara kama kiboko. Kulipasua kunahitaji mashine maalumu, na kontrakta huyo hakuwa nayo wala hakuwa na nia ya kuikodi. Upande wa pili wa ua, udongo wa mama ulikuwa laini. Basi msimamizi wake akaingia kwa mama na soda kreti moja, akaketi, akamuuliza kama yeye ndiye mama wa yule msichana anayefanya kazi kampuni ya intaneti. Mama akasema ndiye. "Mama, sasa hii ni kazi ya msichana wako," akamwambia. "Ukitupa njia hapa, umemsaidia."

Umesikia? Kazi ya msichana wako. Mimi hata sikujua wako pale.

Mama hakuuliza mtu. Angeuliza nini? Aliwapikia. Walichimba wakitoka kona moja ya boma hadi nyingine, wakapita katikati ya nafasi ile ya upande wa kushoto, wakalaza bomba, wakafukia, wakaondoka. Jumapili nilipofika alinishika mkono akanionyesha udongo mbichi, uso unang'aa kama wa mtu aliyemwozesha mtoto. "Nimewapa watu wako njia, nyathina," akasema. Nyathina ni mtoto wangu; aliniita hivyo hata nilipokuwa na mvi. Nilimwuliza, mama, na mahali pako je? Akacheka. "Si wataitoa kabla sijafa? Mimi bado niko."

Jumatatu nilikwenda kwa bosi nikiwa nimefura. Bosi wangu ni mtu wa hapa hapa, kwao ni ng'ambo ile ya ghuba, na mama yake mwenyewe amezikwa kushoto mwa nyumba yake. Kama angekuwa mgeni aliyetoka mbali ningemsamehe ujinga. Aliniambia nitulie, bomba lile ni la muda tu, kontrakta atarudi na mashine ya kupasua mwamba, faiba itahamishiwa kando ya barabara inapotakiwa. "Unajua mimi siwezi kucheza na boma la mama," akasema. Nikaenda nyumbani nikamwambia mama ni ya muda. Mama akasema, nilikuambia.

Ya muda! Kila nilipokumbusha, niliambiwa mwaka huu bajeti imekwisha. Mwaka uliofuata, kontrakta ana kesi. Mwaka mwingine, tuna wateja wengi mno sasa kwenye ile laini, haiguswi hivi hivi. Hapo kati hospitali moja ya upande wa Maseno ilikuwa imehamishia rekodi zake zote kwenye wingu, na vyuo, na maduka ya njia nzima hadi Busia, na kila aliyejiunga aliufanya mtaro ule wa mama uwe mgumu zaidi kuguswa. Mama alikuwa anaukwepa akifagia. Alikataza mbuzi kufungwa pale. Akipita mgeni anamwambia polepole, hapo kuna kazi ya mtoto wangu.

Alikufa msimu wa mvua ndefu, kifua. Aliumwa kidogo, akapata nafuu, tukampigia makofi, kisha akaondoka asubuhi moja akiwa ameomba uji. Sitaki kuandika zaidi juu ya hilo. Mwili ulikuwa mochari mjini, maziko yakapangwa Jumamosi, na baba mdogo, yaani ndugu mdogo wa marehemu baba, akashika usukani wa matanga kama ilivyo desturi. Nilipomweleza habari ya bomba aligonga fimbo chini. "Mke wa ndugu yangu atalala mahali pake," akasema. "Hiyo waya yao watajua wenyewe." Nilimpenda sana siku hiyo baba mdogo. Nilijiambia, angalau kuna mwanamume hapa nyumbani.

Nikarudi ofisini, bado na leso kichwani. Nilikuwa nimefikiria kila kitu njiani. Nikamwambia bosi, sikiliza, sihitaji mashine ya mwamba, sihitaji bajeti. Bomba limevutwa likakaza, halina ziada ya kusogezwa kando, kwa hivyo lazima tukate uzi na kuuunganisha upya ukizunguka kaburi. Hiyo ni kazi ya saa chache tu. Kwa hizo saa chache nahamishia wateja wote kwenye njia ya Kiboswa. Hakuna atakayejua. Mimi nitahamisha mzigo, mafundi watakata, watu wetu watachimba, mama atazikwa. Ndiyo maana ya njia mbili, ama?

Bosi akachezea kalamu. Akasema haiwezekani wiki hii. Nikamuuliza kwa nini. Akasema kuna hatari. Hatari gani? Akasema, hospitali ikizimika, mgonjwa akifa, utabeba wewe? Nikamwambia hospitali haizimiki, inageukia Kiboswa. Akarudia tena, hospitali, wagonjwa, watoto, akipandisha sauti kidogo kama mtu anayetaka walio nje ya mlango wasikie yeye ndiye mwenye huruma. Mtu hakatai kutumia mlango wa pili wa nyumba yake kama mlango upo.

Tuna mashine ya kupimia faiba. Unatuma mwanga ndani ya uzi, mwanga unagonga mwisho, unarudi, na mashine inakuambia uzi una urefu gani. Fundi yeyote anajua. Nilikwenda nikapima njia ya barabara ya Busia hadi Maseno. Kisha nikapima ile ya Kiboswa, inayopanda milima na kuzunguka, ambayo lazima iwe ndefu zaidi, hata kipofu ajua. Urefu ulikuwa uleule. Nikapima tena. Uleule. Nyuzi mbili, zimetoka ofisini kwetu pamoja, zimepita Otonglo pamoja, zimeingia bomani kwa mama pamoja, zimefika Maseno pamoja. Njia ya Kiboswa haikuchimbwa kamwe. Walichukua uzi wa pili ndani ya bomba lilelile wakauita njia ya pili, na wateja wakauziwa hivyo, na mimi nikapelekwa kusimama mbele yao na kuapa.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilirudi kwa bosi nikamwambia nimepima. Hakukana. Alisema mambo hayo yaliamuliwa na wakubwa kabla yake, Kiboswa ingechimbwa pesa zikipatikana, na mimi niwe mtu mzima. Nikamwambia basi tuwaeleze wateja, tuwaombe saa chache Jumapili moja, hospitali ijiandae kwa karatasi, tukate tukiwa wazi. Mazishi nitayasogeza mbele. "Tukiwaambia tunazima," akasema, "swali la kwanza watakalouliza ni njia ya pili iko wapi."

Basi nikaelewa. Haikuwa hospitali. Mama yangu alikuwa akizuiwa kaburi lake ili mtu asiulizwe swali.

Nilikimbilia kwa baba mdogo. Nilidhani nikimpa jambo hili atalipuka. Nilimweleza pale chini ya hema, kwa Kijaluo na kwa Kiswahili, kwa vijiti viwili vya kiberiti, kwamba hawa watu wamesema wana njia mbili kumbe zote ziko ndani ya shimo moja, ndani ya boma hili. Akafikiri sana. "Mbili ndani ya shimo moja," akasema. "Sasa hiyo ina ubaya gani? Si zinasaidiana?" Yawa! Nilitaka kucheka, nikalia. Akanipigapiga bega, akasema mambo ya kaburi niwaachie wanaume, nisijichoshe, mimi ni msichana wa boma na huzuni imenizidi. Nina mvi, nasema tena, lakini kwa jambo la kaburi mimi ni msichana. Kampuni iliniambia niongee na watu wangu, watu wangu waliniambia niongee na kampuni, na kila upande uliniona ni wa upande ule mwingine.

Siku iliyofuata, mchana kweupe, bosi alikuja kutoa rambirambi. Alikuja na pikapu, na juu ya pikapu ng'ombe dume mweusi, mnene, wa kufanya watoto wakimbie kuja kutazama. Hema jipya. Viti vya plastiki. Maji ya chupa. Alivua kofia langoni, akaingia akilia kwa sauti kama inavyotakiwa, akazunguka boma, kwa kweli alifanya kila kitu vizuri. Kisha akaketi na baba mdogo na wazee wengine wawili nyuma ya ghala. Mimi nilikuwa jikoni na wanawake, natenga vikombe, nawaona kupitia upenyo wa ukuta. Niliona fimbo ya baba mdogo imelala chini karibu na mguu wake. Haikugongwa.

Jioni baba mdogo alituita watoto, mimi na kaka zangu wawili. Alisema amekumbuka kwamba hata zamani, mahali pakiwa na shida, kwa mfano pakiwa na maji au mwamba, mama angeweza kuzikwa nyuma ya nyumba, karibu na jiko. Alisema Mungu hatazami upande. Nikasimama, nikamwambia, baba mdogo, mwamba uko barabarani, hapa pana udongo laini, na wewe ulisema mwenyewe atalala mahali pake. Nikamwambia waya ni wa watu, unaweza kuhamishwa, wanakataa tu kwa sababu ya uongo wao. Akanitazama kwa upole, huo upole ndio ninaouchukia mpaka leo. "Mtu anayekuletea ng'ombe kwenye matanga si adui," akasema. "Na ni watu wako. Mama yako aliwapa njia kwa ajili yako. Leo tukate waya, kesho ufukuzwe kazi, tutakuwa tumemfurahisha nani?"

Kaka zangu walitazama kando. Wote wawili. Mkubwa alikuwa akitazama ng'ombe.

Nitakuambia nililofikiria, kwa sababu nilifikiria. Nilifikiria kuchukua jembe mwenyewe, nikachimbe pale kushoto, nikate nyuzi zote mbili kwa mkono wangu, Kisumu hadi Busia wakae gizani na swali lao. Nilijua kina chake. Nilisimama pale kabisa. Lakini hospitali ile ilikuwapo kweli. Bosi alikuwa akijificha nyuma yake, lakini wagonjwa hawakuwa uongo, na mama alikuwa amelazwa kwenye wodi ya hospitali hiyohiyo kabla ya kufa, na muuguzi alikuwa akisoma dawa zake kwenye kompyuta. Nikarudi jikoni. Hivyo ndivyo wanavyokufunga, kwa kitu cha kweli kimoja.

Jumamosi tukamzika mama nyuma ya nyumba, karibu na jiko, mahali ambapo kwetu mwanamke aliyeolewa na kuzaa hazikwi. Kama mgeni aliyefia safarini. Mchungaji alihubiri juu ya makao ya mbinguni na kutazama juu. Wanawake wa rika la mama walikuwa wakinong'ona wakishika mdomo, mmoja akaniuliza waziwazi mama yako aliwakosea nini? Nikasema hakukosea kitu. Akasema, basi mbona wamemtupa nyuma? Nikamvuta chini ya hema, maana alikuwa amesimama na kanga yake kwenye mvua. Bosi alipewa nafasi ya kuongea. Alisema kampuni imepoteza mama wa wote, mama aliyetoa ardhi yake kwa maendeleo. Watu wakampigia makofi. Alikuwa akinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi nilikaa kwenye kiti chake cha plastiki.

Tangu hapo ukitoka mlangoni mwa mama unamkuta baba kulia, na kushoto nyasi. Nilikuwa siwezi kutoka kwa mlango ule. Nilipita wa nyuma.

Mvua fupi zilikuwa bado hazijaanza wakati mteja mpya alipotokea, mkubwa kuliko wote tuliowahi kuwa nao, kutoka Nairobi. Hawa hawakutaka maneno. Walituma watu wao wawili wenye viatu vizito, wakatembea laini yote kwa miguu, kutoka mjini hadi Maseno. Walipofika bomani kwetu wakauliza faiba inafanya nini ndani ya boma la mtu. Wakauliza Kiboswa kuna nini. Kiboswa hakukuwa na kitu. Wakafunga mabegi, wakasema hawatii sahihi mpaka waone njia mbili za kweli, na ile ya kwanza ikae kando ya barabara kama sheria inavyotaka.

Ungeona mbio! Pesa zikapatikana. Kontrakta mwenye kesi akawa hana kesi. Mitaro ya Kiboswa ikaanza kuchimbwa kwa zamu. Ile mashine ya mwamba, ambayo mama aliingoja mpaka akafa, ililetwa kwa lori asubuhi, na kufikia saa kumi jioni jiwe lote lilikuwa limepasuliwa na bomba jipya limelazwa kando ya barabara. Siku moja. Tena si nzima, maana walikula chakula cha mchana.

Njia ya Kiboswa ilipokamilika, bosi aliniita, akaniambia nihamishe mzigo wote huko ili mafundi wakate uzi wa bomani na kuunganisha wa barabarani. Mimi ndiye ninayejua laini, akasema, hamwamini mwingine. Ndiyo, bado nipo pale. Nina kodi ya nyumba na watoto, usiniulize. Niliketi, nikaandika amri kwenye kompyuta, nikabonyeza. Taa moja ikabadilika rangi kwenye kioo. Hospitali haikuzimika. Hakuna simu iliyolia. Bosi alisimama nyuma yangu akasema, "Umeona? Hata hawajajua." Nilimwambia nimeona.

Wikendi ile nilikwenda nyumbani. Walikuwa wamelivuta bomba kuukuu likatoka ardhini lote, wakalikata vipande na kulitupa kwenye lori, wakafukia mtaro, wakapiga udongo kwa sepetu ukalala sawa. Baba mdogo alikuwa amesimama pale, mikono nyuma, anakagua. Nikasimama kando yake. Sikumtukana, ingawa nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilimuuliza tu, kwa adabu, kama sasa tunaweza kumfukua mama tumlete mahali pake, kwa kuwa pako wazi.

Akanigeukia kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyesikia mtoto akitamka matusi asiyoyajua maana.

"Nyathina," akasema, "mtu si waya."